Mjumbe wa Kumi na Mbili

Nilipostaafu kazi ya masjala niliapa moyoni kwamba sitashika tena kalamu kwa ajili ya kikao cha mtu yeyote. Miaka thelathini na mitatu nilikuwa nimefungua majalada na kufunga majalada, nimeandika mihutasari ya watu wanaokubaliana saa tano na kukataana saa saba. Nilitaka kumwagilia mchicha wangu pale Isevya na kusikiliza redio. Kiapo hicho kilidumu miezi minne.

Aliyekivunja ni mwalimu mkuu mstaafu, aliyenifundisha darasa la sita. Alikuja nyumbani asubuhi, amevaa koti katika joto lile la Oktoba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa vizuri nikajua nimekwisha. Mtu aliyekufundisha kugawanya kwa njia ndefu humwambii hapana. Akanieleza kuwa ukumbi wa zamani wa mji umekarabatiwa, na kamati ya wazee, yeye akiwa mwenyekiti, imeamua kuweka ukutani ubao wenye majina ya wajumbe wa baraza la kwanza, lile lililokaa na liwali wakati Wajerumani ndiyo kwanza wameishika Tabora, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kamati ilihitaji katibu.

"Ni majina tu," alisema. "Kazi ya wiki mbili."

Ilichukua miezi tisa.

Baraza lenyewe halikuwa bunge kama tunavyolijua leo. Mjerumani alimweka liwali, liwali akawaita watu wakubwa wa mji, na kwa pamoja wakawa wanatunga amri: wachinjaji wachinjie wapi, nani achote maji kisima gani, moto wa kiangazi uzuiweje. Mjerumani akiikubali amri, inakuwa sheria. Asipoikubali, watu wanarudi nyumbani kula. Hayo tuliyajua kutoka kwenye daftari moja lililokuwa limehifadhiwa na ukoo mmoja wa Gongoni, ndani ya kasha, limefungwa kwa kitambaa cha kaniki. Lilikuwa limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi herufi hizo sizisomi zikiungana kwa mwandiko wa haraka, kwa hiyo tulimwomba bibi mmoja aliyefundisha madrasa maisha yake yote atusomee.

Alisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, nami nikiandika. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba waliotia mkono katika amri hizo ni wajumbe kumi na wawili. Akasoma jina la kwanza, la pili, mpaka la kumi na moja. Halafu kidole chake kikasimama.

Jina la kumi na mbili lilikuwa limeliwa na mchwa. Palikuwa na tundu, na pembeni ya tundu herufi moja tu, mim, yaani M.

Nilishauri siku ileile tuandike majina kumi na moja na chini yake tuseme kwamba la mwisho halisomeki. Mwenyekiti akasema tusiharakishe, pengine katika mji kuna mtu anayejua. Kosa lilikuwa hapo. Ijumaa hiyo jambo likatangazwa baada ya sala, Jumapili likatangazwa kanisani, na Jumatatu asubuhi kulikuwa na watu watatu kwenye baraza ya nyumba yangu.

Sikuwahi kujua kwamba Tabora ilikuwa na babu wengi wenye majina yanayoanza na M. Alikuja diwani wa zamani na bahasha ya picha. Hakuna hata moja iliyopigwa kabla ya babu yake kuota mvi. Alikuja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazee wake walitoka Gujarati, akasema babu yao aliyeuza nguo kwa boma alikuwa akikaa na liwali kila wiki. Nilimwomba ushahidi. Akasema ushahidi ni kiti. Kesho yake kiti kikaletwa kwa guta, kizito, cha mninga, kikawekwa barazani kwangu, na kikakaa miezi miwili kwa sababu hakuna aliyekuja kukichukua. Kuku wangu walitaga juu yake.

Kutoka Puge alikuja bwana mmoja na barua yenye muhuri wa mtendaji wa kata, iliyosema kuwa mwenye barua hii ni kitukuu wa mjumbe. Nilimuuliza mtendaji amejuaje. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba ni bwana huyohuyo ndiye aliyemwambia.

Wakati fulani uvumilivu uliniisha. Nilimsomea diwani wa zamani amri ya nne katika daftari, ile inayotaka kila nyumba itoe mtu wa kufyeka barabara ya boma bila malipo, na asiyetoa apigwe viboko. Nikamuuliza kama anataka jina la babu yake liwe chini ya amri hiyo. Alifikiri kidogo, akasema heshima ni heshima. Halafu akafungua kundi la WhatsApp, akaniingiza bila kuniuliza, na kuanzia siku hiyo simu yangu ikawa inalia kabla ya jogoo.

Haya yote ningeyavumilia. Watu wa mji nimewahudumia dirishani miaka mingi, najua jinsi ya kusema "rudi Alhamisi." Ila mwezi wa tatu wa kazi hiyo akaja kaka yangu.

Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, mtu nadhifu, kofia yake haijawahi kupinda. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha, na tangu hapo sijawahi kumkatalia jambo mbele ya watu. Siku hiyo alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akasema:

"Mdogo wangu, hilo tundu la mchwa ni letu. Liandike."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akasema kila mtu anajua kuwa baba yake babu yetu alikaa katika baraza la liwali, na jina lake lilianza na M, na kwamba mimi nikiwa katibu ni aibu kuona ukoo wetu unaachwa nje huku watu wa kuja wanagombea. Akaondoka kabla sijamjibu.

Jina la mzee huyo kweli lilianza na M. Hayo mengine hayakuwa kweli, na mimi nilijua kwa sababu niliambiwa na bibi.

Bibi yetu, mzaa baba, aliolewa akamkuta mkwewe bado hai, na yeye ndiye aliyempikia mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nililelewa jikoni kwake. Tukiwa tunakata viazi vya kuanika kuwa michembe, yeye na mimi, alinisimulia kwa Kinyamwezi habari za mzee huyo. Alikuwa mpagazi. Alibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe mpaka pwani, akarudi na majora ya nguo, akaenda tena, mara tatu. Begani alikuwa na nundu ngumu kama kisigino, na uzeeni aliwaruhusu watoto waiguse. Bibi alisema enzi hizo kijana ambaye hajafika pwani hata wasichana hawakumtazama. Hakuna siku aliyosema kuwa mzee aliingia barazani kwa liwali, isipokuwa pengine kuweka mzigo chini na kutoka.

Kaka hakukaa jikoni. Alikuwa mvulana, alikuwa shuleni, alikuwa uwanjani. Nikajiambia basi, hajui. Nikaona ni wajibu wangu kumwambia kwa upole, na Jumamosi nikaenda kwake, nikiwa nimepanga maneno njia nzima.

Tulikaa ua wa nyuma. Wifi yangu alikuwa amekwenda sokoni. Nikamsimulia yote, nundu na majora na safari tatu. Alinisikiliza akichambua nyuzi kwenye ukingo wa mkeka. Nilipomaliza akasema:

"Najua. Baba aliniambia nikiwa darasa la nne."

Nilimuuliza kama alijua, kwa nini ananisumbua. Hapo ndipo akanieleza, na nusu ya maelezo aliyasema akiangalia mlango wa uani, asije mtu akaingia.

Wifi yangu anatoka katika ukoo wa mafundi cherehani wa mjini, watu waliokaa Tabora vizazi vingi, wanaojua nani alizikwa wapi. Kaka alipokwenda kuposa, kijana wa reli mwenye shati moja zuri, baba yake wifi alimuuliza swali moja tu: nyinyi hapa mjini ni watu wa nani? Kaka akaona akisema wapagazi wa kutoka kijijini, atapewa chai na kuagwa. Akasema baba yake babu alikuwa mjumbe wa baraza la liwali. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, mahari ikapangwa. Tangu hapo uongo ule ukawa unakwenda naye misibani na harusini. Wakwe waliurudia kwa watoto wao. Watoto wake mwenyewe waliuandika shuleni. Sasa kamati inataka kuweka majina yote ukutani, kwa rangi, na jina la mzee wetu halimo.

"Miaka arobaini na kitu," nilimwambia. "Na hukuona siku hata moja ya kumwambia mkeo?"

Alisema siku za kusema mambo kama hayo huwa zinapita mapema. Kisha akaniomba. Kaka yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiniomba hata kijiko, aliniomba niandike jina moja juu ya tundu la mchwa.

Niliondoka nimekasirika kiasi kwamba nilipita nyumbani kwangu na kufika mpaka njia panda ya pili. Nilikuwa nimekasirikia uongo wake, na zaidi nilikuwa nimekasirikia kile alichokionea aibu. Mtu aliyetembea kwa miguu mpaka baharini mara tatu na mzigo begani, huyu ndiye wa kufichwa, ili tujibandike kwa watu waliokaa mkekani kuamuru wenzao wakafyeke barabara.

Kikao cha kuamua kilifanyika ukumbini, rangi mpya bado inanuka. Tulikuwa kama watu ishirini. Mwenyekiti aliwaita wadai mmoja mmoja. Bwana wa Puge alisoma barua yake. Diwani wa zamani alizungusha picha. Kaka alisimama, akasema kwa ufupi na kwa heshima, akakaa. Halafu akasimama kaka yake wifi, fundi cherehani kama baba yake, mjumbe wa kamati, mtu ambaye neno lake mjini halina mzaha. Alisema yeye ni shahidi. Tangu uchumba wa dada yake, nyumbani kwao ilijulikana kwamba wakwe zao wanatoka kwa mjumbe wa baraza, na marehemu baba yake, aliyewajua watu wote wa mji, hakuwahi kulikanusha.

Watu wakaguna kwa kukubali. Nikaona kalamu yangu imesimama. Uongo wa kaka ulikuwa umezunguka nyumba nzima na kurudi mlangoni umevaa kanzu ya ushahidi, na kwa sura ya mwenyekiti niliona kwamba jambo limekwisha.

Akanigeukia. "Katibu, wewe ni wa ukoo huo. Kwa ajili ya kumbukumbu, thibitisha."

Kama angesema "andika," labda ningeandika. Aliniambia nithibitishe, na neno hilo nimelifanyia kazi miaka thelathini na mitatu. Sikumtazama kaka. Nilisema kwamba mimi nililelewa na bibi aliyempikia mzee huyo, na bibi aliniambia alikuwa mpagazi, alikwenda pwani mara tatu, na la baraza sikulisikia kwake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kaka yake wifi alimtazama shemeji yake, akasubiri, na kaka akainuka, akaweka kofia yake sawa ingawa ilikuwa sawa, akatoka. Mwenyekiti akaahirisha. Niliandika katika muhtasari kwamba kikao kiliahirishwa, nikaona mwandiko wangu unaojulikana kwa kunyooka umekwenda upande.

Kesho yake mchana wifi alikuja. Nilimwona tangu barabarani, khanga mbili, mwendo wake uleule wa polepole, na bakuli lililofunikwa. Nilijua amekuja kunitukana na nilikuwa tayari. Tukaulizana habari za afya, habari za watu wa nyumbani, habari za mchicha. Alifunua bakuli, lilikuwa na mihogo ya nazi. Aliniambia nile kwanza. Kisha akasema:

"Wifi, kaka yako tangu jana hali kitu. Umemfanya nini mume wangu?"

Nikaanza kumweleza, kwa kuchagua maneno, maana sikujua kaka amemwambia nini. Akanikatiza. Alisema habari ya mpagazi anaijua. Aliambiwa na mama yetu, mkwewe, alipokuwa amekaa uzazi wa mtoto wa kwanza. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, akimsimulia habari za ukoo, na hakujua kwamba mwanawe amekwenda kuposa kwa babu wa kubuni.

Nilitua kijiko. Nilimuuliza kwa nini basi hakumwambia mumewe kuwa anajua. Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto. Alisema mwanzoni aliona haya. Baadaye aliona jinsi mume wake anavyonyooka akisimulia habari zile, na akaona kama akimwambia najua, mwanamume huyu atakaa nyumbani mwake kama mgeni. Kwa hiyo akawa anaitikia. Wageni wakija, yeye ndiye aliyemkumbusha, "Waeleze habari za baraza."

Hapo nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ishirini, nimemvunjia kaka yangu heshima, nimekosa usingizi, kwa ajili ya siri ambayo mke aliyefichwa alikuwa anaijua miaka yote. Nilimwambia wifi kwamba yeye na mumewe wanastahiliana. Alikubali. Akasema sasa nikamalize nilichoanzisha, kwa sababu yeye hawezi kwenda kumwambia mtu mzima kwamba amemsikiliza akidanganya miaka yote hiyo. Aseme dada yake.

Nikaenda. Ningefanya nini? Kaka alikuwa ua wa nyuma, kichwa wazi, jambo ambalo silijui kwake. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini. Nikamwambia moja kwa moja, bila kupanga maneno safari hii, kwamba mkewe anajua tangu mtoto wa kwanza.

Nilitegemea atakasirika, au ataona aibu zaidi. Alichouliza ni hiki:

"Na bado aliniambia niwaeleze wageni?"

Nikamjibu ndiyo. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka, mpaka wifi alipotoka jikoni na sinia la ugali na kumwambia anawe mikono. Akanawa. Alikula. Hakuna kati yao aliyesema neno juu ya jambo lile mbele yangu, na sidhani kama walisema nilipoondoka.

Siku chache baadaye alinipigia simu akaniuliza bibi alisema nini kingine. Nikaenda tena, nikamsimulia vizuri: uzito wa mzigo, kengele mguuni mwa kiongozi wa msafara, namna walivyolala miguu ikielekea motoni, maji ya Ugogo yenye chumvi, na jinsi mzee alivyosema kuwa bahari ilimtisha kwa sababu haikuwa na ng'ambo. Alisikiliza kama mtoto kwa dakika kumi hivi. Kisha akaanza kunirekebisha. Mzigo haungeweza kuwa mwepesi vile, alisema, mtu wa reli anajua mizigo. Safari zisingekuwa tatu, zingekuwa tano au sita. Nilimkumbusha kwamba yeye hakuwepo jikoni. Akasema hata mimi sikuwepo njiani.

Ubao uliwekwa mwezi wa tisa wa kazi hiyo, majina kumi na moja, na chini yake maneno kwamba jina la kumi na mbili halisomeki. Ndivyo nilivyoshauri siku ya kwanza. Mwenyekiti alilitangaza kama uamuzi wa busara uliofikiwa baada ya majadiliano marefu, na diwani wa zamani akasusa sherehe mpaka harufu ya pilau ilipomfikia.

Kaka alikuja na kofia mpya, wifi pembeni yake. Nilikuwa nagawa soda nilipomsikia akiongea na wageni waliotoka Nzega, katikati ya kundi, mkono mmoja begani kwake akionyesha mahali nundu ilipokuwa. Nikafurahi, nikasogea nisikie. Alikuwa akisema kwamba baba yake babu yetu hakuwa mpagazi wa kawaida. Alikuwa kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara wote na kengele mguuni, na watu mia tatu walisimama aliposimama.

Nilimtazama wifi. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, akiitikia.

"Waeleze na habari ya bahari," alimwambia.

Nilirudi kwenye kreti ya soda.